Harusi Iliyokwama Malangoni Gatún

Kwa miaka thelathini na mmoja Alcides Renwick alivuka malango ya mfereji wa meli pale Gatún kila siku ya kazi, na hakuwahi hata mara moja kupanga foleni. Foleni ilikuwa ya watu wengine. Wenye magari walisimama juani, wakazima injini, wakanunua ndizi za kukaanga na kumtukana aliyebuni mfereji pamoja na mama yake, huku meli zikipita mbele yao polepole kama ng'ombe walioshiba. Alcides yeye alionyesha kitambulisho, akatembea juu ya malango ya chuma yaliyofungwa, na baada ya dakika sita alikuwa ng'ambo. Mara nyingi alikuwa anapiga mluzi.

Kwake mfereji ulikuwa na upana wa dakika sita. Na ndivyo alivyouhesabu siku ya harusi yake.

Kosa hilo asingelifanya mtu mwingine yeyote wa mji wa Colón. Mtoto wa darasa la pili angekwambia: ukitaka kwenda Escobal, ng'ambo ya mfereji, ondoka alfajiri, beba chakula, na usimwahidi mtu saa. Miaka hiyo daraja refu la juu lilikuwa halijajengwa. Kulikuwa na daraja dogo la chuma, upana wa gari moja, ambalo lilizungushwa pembeni kila meli ilipokuja. Na meli hazikuacha kuja. Harusi ilikuwa saa tisa alasiri. Alcides aliondoka Colón saa nane kasorobo, amenyoa, amejipaka manukato, anapiga mluzi.

Kitambulisho hakuwa nacho tena. Alikirudisha jana yake, Ijumaa, akatia saini, akapewa mkono na bosi, akakata keki ya ofisini. Alistaafu kwa sababu Otilia Magallón alimwambia waziwazi kwamba yeye haolewi mke wa pili. Aachane kwanza na huo mfereji wake. Na Otilia alikuwa na haki. Harusi yao ilishaahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza meli ilijikwangua ukutani, wafanyakazi wote wakaitwa. Mara ya pili ukungu ulishuka na meli zikarundikana. Mara ya tatu hakuitwa na mtu. Siku hiyo ilikuwa inapita meli kubwa kuliko zote za mwaka, akajitolea mwenyewe, akadhani Otilia hatajua. Escobal ni kijiji. Otilia alijua kabla meli haijamaliza kupanda.

Kwa hiyo hii ilikuwa mara ya nne, na ya tano haingekuwepo. Otilia alilisema hilo mbele ya kaka yake Fulgencio, na Fulgencio alikuwa amelirudia kama mara kumi tangu walipoingia kwenye foleni, amekaa nyuma ya usukani wa pikapu yake na keki ya ghorofa tatu mapajani.

"Shemeji," alisema, "nakupenda kama ndugu wa tumbo moja. Lakini dada yangu akikuacha leo, hii keki naila."

Walikuwa gari la sitini na moja. Alcides alijua kwa sababu alitembea foleni nzima akihesabu, suti ya kuazima ikimbana kwapani na viatu vikimng'ata. Watu walimtazama ua lake la kifuani wakamuuliza anazikwa nani. Muuza ndizi, mama mnene mwenye kofia ya majani, alimpa ndizi mbili za bure kwa huruma, akazila.

Lililomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa anafurahia. Hakutaka, lakini macho yalikuwa na mazoea yao. Ikapita meli ya magari, ndefu kama kasha la viatu la jitu, na Alcides akajikuta anasema kwa sauti kwamba wale wa mbele wamechelewa kulegeza waya. Ikapita meli ya mafuta, akamsifu rubani wake. Fulgencio alimwuliza kama anaoa meli au dada yake.

Alcides alikuwa mrushaji kamba. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ana nywele. Meli hata iwe na mtambo gani ndani yake, ikifika malangoni inangoja mtu mmoja amrushie mwenzake kamba nyembamba yenye tonge zito nchani. Kamba nyembamba inavuta waya mnene, waya unafungwa kwenye nyumbu, vile vichwa vya treni vifupi vinavyotembea juu ya ukuta, na nyumbu wanaishika meli katikati isiguse zege. Wamejaribu mizinga ya kurushia, wamejaribu mashine. Bado ni mkono wa mtu. Kila mwaka warushaji hushindana mbele ya familia zao, na Alcides alikuwa na vikombe kumi na tisa kabatini. Otilia alikuwa amekubali kuishi na vitatu tu.

Babu yake alianzia chini zaidi. Alitoka Barbados akiwa na miaka kumi na tisa, akabebeshwa baruti za kuchimbia mfereji kule Culebra, akala mvua na homa miaka saba, na wajukuu walipomwuliza amefanya nini maishani aliwajibu, "Nilivuka bahari nikaja kuikata nchi ya watu vipande viwili. Samahanini." Familia nzima ilizoea kucheka hapo. Saa kumi jioni, akiwa gari la thelathini na nane, Alcides alitamani mzee awe hai aombe samahani kwa sauti zaidi.

Alikwenda mbele kwa miguu kumwona Xiomara.

Xiomara alikuwa mlinzi wa daraja, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni na kipaza sauti cha mkononi. Alcides ndiye aliyemwonyesha kazi siku yake ya kwanza, miaka kumi na minne nyuma, na alimfundisha hasa jambo moja: sheria ni sheria, hata akija mama yako.

"Kitambulisho," alisema Xiomara.

"Xiomara, ni mimi. Renwick."

"Najua. Jana nimekula keki yako. Kitambulisho."

Alcides alieleza yote: harusi, saa tisa iliyopita, dakika sita, mara ya nne. Xiomara alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba anamwonea huruma sana, kisha akamwonyesha mstari wa njano uliochorwa chini, hatua kumi kutoka ukingo wa ukuta. Raia hakanyagi ng'ambo ya mstari ule. Alcides alijua. Mwaka ule waliouchora, rangi yenyewe aliikoroga yeye.

Akasimama nyuma ya mstari wake, mikono mifukoni, akaishika pete.

Upande wa pili wa mfereji, habari zilifika Escobal kwa basi. Dereva alishuka mbele ya kanisa akasema kwamba bwana harusi yupo, mzima, Gatún, anakula ndizi. Otilia alikuwa amesimama mlangoni kwa muda wa saa moja na robo, amevaa nguo nyeupe. Alimwuliza dereva kama ana uhakika na hizo ndizi. Kisha akamwendea Padri Benigno, ambaye alikuwa anakunja joho lake kwa sababu saa kumi na mbili alikuwa na misa Colón, na Escobal alikuja mara moja tu kila miezi miwili. Otilia alimwomba lifti.

Ndivyo ikawa saa kumi na moja kasorobo Alcides akaona jambo ambalo hakulitegemea. Gatún kuna njia mbili za meli, sambamba, kila moja na daraja lake, na kati yake kuna ukuta mpana wa zege. Daraja la njia ya mbali lilikuwa limewekwa, la njia ya karibu limeondolewa. Magari machache kutoka magharibi yaliruhusiwa kuvuka nusu, yakakwama juu ya ukuta wa kati. Gari la kwanza lilikuwa pikapu ya kijani yenye spika mbili kubwa juu ya paa, ile anayotangazia misa padri vijijini. Mlango ukafunguliwa. Ikashuka nguo nyeupe.

Kati yao kulikuwa na maji, mita thelathini na tatu na nusu. Alcides alikijua kipimo hicho kuliko urefu wake mwenyewe.

Otilia hakupunga mkono. Aliingiza kichwa dirishani, akazungumza na padri, akatoka na waya mrefu wenye maikrofoni.

"Alcides Renwick," zikasema spika, na foleni nzima ikanyamaza. "Nimekuja kukuaga."

Alieleza kwa utulivu, kama anayesoma matangazo. Daraja likirudi, padri atavuka, na yeye atakuwa ndani ya gari. Akifika Colón atapanda basi la kwenda Bocas kwa dada yake. Alcides asijisumbue kulisimamisha gari. Nguo aliyoazima airudishe Jumatatu.

Alcides alimnyang'anya Xiomara kipaza sauti. Xiomara alifikiri kidogo, hakukumbuka sheria inayokataza, akamwacha.

"Otilia, nimepanga foleni tangu saa nane."

"Uliondoka Colón saa ngapi?"

Alcides alitazama chini. "Saa nane kasorobo."

"Uende Escobal. Jumamosi. Saa nane kasorobo. Ulihesabu nini?"

Hakukuwa na pa kujificha. Magari sitini, abiria wa mabasi mawili, mbwa wawili na padri walikuwa wanangoja jibu. "Nilihesabu dakika sita," alisema Alcides.

Kisha mtu kwenye lori la matikiti akacheka, akafuata mwingine, na kicheko kikatembea nyuma kwenye foleni gari kwa gari mpaka kikapotea kwenye kona, na kutoka kule konani kikarudi tena. Muuza ndizi alikaa chini. Ng'ambo, Otilia alijiziba mdomo kwa mkono, na Alcides hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kitu kibaya zaidi.

Ni yule wa matikiti aliyepaza sauti kwamba padri yupo, maharusi wapo, na mashahidi wamejaa barabarani. Waozeshwe hapo hapo. Honi zikapigwa. Padri Benigno akatoka kwenye gari na saa yake mkononi. Alikuwa mwembamba na mwenye haraka, mtu aliyewahi kubatiza watoto tisa bila kuzima injini. Akachukua maikrofoni akasema hana kipingamizi, amewahi kuozesha watu mahali pabaya zaidi, ila kidole kitupu hakibarikiwi. Pete iko wapi?

Alcides akainyanyua juu. Iling'aa upande usiofaa wa maji.

Otilia akaichukua maikrofoni tena. "Basi sikiliza, mzee wa dakika sita. Pete ikifika kidoleni kwangu kabla daraja halijarudi, nitakuwa mkeo. Daraja likitangulia, naenda Bocas."

Wakati huohuo kengele ikalia, na meli ikaingia kati yao.

Ilikuwa meli ya nafaka, nyekundu, imeshiba mahindi mpaka imezama mabega, jina lake Kalliopi. Iliingia kwenye chumba cha malango kama mtu anayevaa buti linalombana: kila upande ilibakiwa na nafasi ya kiganja na nusu, tena kiganja cha mtu mzima. Nyumbu wanne upande huu na wanne upande ule waliivuta, kengele zao zikilia. Kwa kuwa ilikuwa chini, kwenye ngazi ya kwanza ya kupanda, sitaha yake haikupita sana usawa wa ukuta. Alcides aliweza kumwona Otilia juu yake, kuanzia kiunoni.

Lakini hilo halingedumu, na hakuna aliyelijua zaidi yake. Malango yangefungwa nyuma ya tezi, mkia wa meli, valvu zifunguliwe, na maji ya ziwa yaje. Pale hakuna pampu hata moja. Maji yanashuka kwa uzito wake yenyewe, yanapita kwenye mashimo makubwa ndani ya kuta, yanachipuka sakafuni, na meli ya tani elfu sitini inanyanyuka kama mtoto aliyeshikwa kwapani. Mita nane na nusu kwa dakika chache. Sitaha ingepanda, ingemfunika Otilia, kisha padri, kisha mbingu ya upande ule. Na meli ikishapanda na kusogea mbele, Xiomara angerudisha daraja.

"Shemeji," alisema Fulgencio, aliyekuwa amekuja mbio na krimu kwenye ndevu, "zawadi yako ya jana iko chini ya kiti."

Ilikuwa kamba yake mwenyewe. Wenzake walimpa kama kumbukumbu, imekunjwa vizuri, tonge lake limechovywa rangi ya dhahabu. Mpaka Fulgencio anarudi nayo, malango yalikuwa yanafungwa, mabawa mawili ya chuma yakikutana taratibu. Alcides aliitoa pete mfukoni, akaifunga kwenye tonge kwa fundo ambalo hata shetani angehitaji kisu kulifungua.

Kutupa moja kwa moja mpaka ukuta wa kati, kutoka nyuma ya mstari wa njano, hakuwezekani, hata enzi zake. Lakini kwenye sitaha ya meli yoyote inayopita kuna warushaji wa mfereji, wanaopandishwa baharini na kushushwa upande wa pili, na kazi yao ni hiyohiyo: kupokea kamba upande mmoja, kurusha kamba upande mwingine. Meli si ukuta, aliwaza Alcides. Meli ndiyo daraja. Akacheka peke yake kama mlevi.

Kisha akaona ni nani amesimama pale kwenye sitaha, mikono kiunoni, na kicheko kikamkauka.

Eustace Yearwood. Kati ya watu wote waliozaliwa na mikono miwili. Mara kumi na tisa Alcides alichukua kikombe, na mara kumi na mbili kati ya hizo wa pili alikuwa Yearwood. Mwaka jana Yearwood alipiga kelele mbele ya kila mtu kwamba mguu wa Alcides ulivuka mstari wakati wa kurusha. Mwamuzi alikuwa anapiga chafya, hakuona. Alcides alimwita Yearwood mwongo na mtoto wa mwongo. Hawakuwa wamesemezana tangu hapo.

"Yearwood," aliita kwenye kipaza sauti. "Naomba upokee kamba."

"Ya nani?" Yearwood hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa na kifua cha kwaya.

"Ya kwangu. Naoa."

"Nimesikia. Mpaka bandari ya Cristóbal wamesikia. Rusha."

Maji yalikuwa yameanza. Meli ilitetemeka kidogo, na ukanda wa chuma chekundu ukaanza kurefuka kutoka ukingoni. Alcides akasimama nyuma ya mstari. Xiomara alichuchumaa pembeni, macho kwenye ncha za viatu vya mrushaji. Alcides akazungusha tonge mara moja, mara mbili, akaachia.

Suti ilimkamata kwapani. Tonge likaruka kama kuku, likagonga ubavu wa meli, likaanguka katikati ya chuma na zege, kwenye ule ufa wa kiganja na nusu, likapotea. Foleni nzima ilivuta pumzi. Alcides alivuta kamba, mkono juu ya mkono. Tonge likatokea linachuruzika maji. Pete ilikuwepo.

"Mguu uko salama," alisema Xiomara. "Mkono ndio sijui."

Alcides akavua koti. Mshono wa bega ulipasuka kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye lori la matikiti. Akavua tai, akavua viatu vilivyokuwa vinamng'ata, akasimama na soksi kwenye zege la moto. Sitaha sasa ilikuwa imepanda zaidi ya kimo cha mtu. Otilia alikuwa amebaki kichwa na ua lililo kwenye nywele. Bega la kulia la Alcides, lililomtesa miaka sita, lilimwambia asithubutu. Akalijibu vibaya.

Tonge la dhahabu lilipaa. Lilipaa taratibu, kamba ikifunguka nyuma yake kama moshi, likafika juu, likasita, kisha likashuka moja kwa moja kwenye kiganja cha Yearwood, ambaye hakusogeza hata mguu.

Kelele iliyopigwa pale iliwatisha ndege wa ukuta wote. Fulgencio alimkumbatia muuza ndizi. Alcides aliruka juu na soksi zake akarudi chini palepale, nyuma ya mstari, na Xiomara akathibitisha kwa filimbi.

Lakini Yearwood hakwenda upande wa pili. Aliligeuza lile tonge, akaitazama pete, akaja ukingoni mwa sitaha, ambayo ilizidi kumpandisha juu kama mtakatifu kwenye maandamano.

"Renwick. Kabla sijasahau. Mwaka jana."

"Si sasa, Yearwood."

"Mimi nina muda. Naenda Bahari ya Pasifiki. Mguu wako ulivuka au haukuvuka?"

Ua la Otilia lilizama nyuma ya chuma. Sasa Alcides hakuona kitu ng'ambo, ila meli. Alijua warushaji wote wa zamu walikuwa wanamsikiliza, juu ya nyumbu, kwenye kuta, kwenye ngazi. Watu ambao kwa miaka kumi na tisa walinyamaza alipoinua kamba. Vikombe vilikuwa kabatini. Jina lake lilikuwa limechorwa kwenye ubao wa klabu. Mwaka mzima alikuwa amejiambia kwamba haukuvuka, na alikuwa karibu kuamini.

Alileta kipaza sauti mdomoni. Akakitoa. Akakileta tena.

"Ulivuka," alisema. "Nusu kiatu."

"Nusu?"

"Kiatu kizima, Yearwood. Namba arobaini na nne. Kikombe ni chako. Nilikuita mwongo, na mwongo nilikuwa mimi. Mrushie mke wangu pete."

Hakuna aliyecheka. Yearwood akavua kofia yake ya kazi, akaivaa tena, akageuka, na wakamwona akikimbia juu ya vifuniko vya mahindi, mtu wa miaka hamsini na tano, kilo mia na kumi, kamba ikimfuata nyuma kama mkia. Akafika upande wa pili. Akazungusha mkono. Akatoweka nyuma ya kreni.

Maji yalinguruma chini. Alcides alikuwa na chuma chekundu mbele yake, na herufi za jina la meli, na ncha ya kamba ikiteleza kwenye vidole vyake mpaka ikamtoka.

"Nini?" alimwuliza Xiomara. "Unaona nini?"

"Naona unachokiona wewe, mzee. Meli."

Spika zikakwaruza. Ikaja sauti ya Otilia, na haikuwa tena ya matangazo.

"Padri, nimemjua huyu bwana miaka kumi na mmoja. Hajawahi kukosea kwenye mfereji huu. Ukungu umekosea, manahodha wamekosea, mimi nimekosea. Leo kwa mara ya kwanza nimemsikia akisema amekosea, tena mara mbili kwa jioni moja. Hebu niulize lile swali."

Padri Benigno aliuliza kwa kasi ya mnadani. Otilia akasema ndiyo. Alcides alipoulizwa alisema ndiyo kabla padri hajafika kwenye jina lake, na ikabidi aseme tena. Kisha padri akatangaza, kwa ajili ya walio upande usioona, kwamba pete iko kidoleni, na kwamba ndoa ni halali mbele ya Mungu na abiria wote. Juu kabisa, Yearwood alirudi ukingoni, jasho likimtiririka.

"Ameidaka kwa mkono mmoja," aliita. "Renwick, ungemleta huyu kwenye mashindano, wewe ungebaki nyumbani unapika."

Rubani wa Kalliopi, ambaye lazima alikuwa anafuatilia yote kutoka juu, akapiga honi ya meli. Ukiwa karibu, honi hiyo huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno. Ikajibiwa na magari yote mpaka konani, na nyumbu wakapiga kengele zao, na yule mama wa ndizi akaanza kugawa ndizi bure, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Gatún wala hataliona tena.

Meli ikavutwa mbele. Daraja likarudi, taratibu, likaingia mahali pake kwa kishindo kidogo. Pikapu ya kijani ikaja mbio. Padri hakusimama; alipunguza tu mwendo, akatoa mkono dirishani, akamnyunyizia Alcides maji ya baraka usoni, na Otilia akaruka kutoka nyuma akiwa ameshika gauni kwa mkono mmoja na lile tonge la dhahabu kwa mwingine. Alimtazama mumewe: soksi, shati lililolowa jasho, koti lenye bega moja.

"Ulikula ndizi," alimwambia.

"Mbili."

"Na keki?"

Wote wawili wakamgeukia Fulgencio. Fulgencio aliwaeleza kwamba ghorofa ya chini ilikuwa imeharibika kwa joto.

Wageni walikuwa Escobal, na wali wa nazi, na nguruwe, na ngoma. Basi wakapanda pikapu ya Fulgencio, watatu kiti cha mbele, keki iliyobaki mapajani mwa bibi harusi, wakasogea na foleni. Gari la kumi. Gari la tano. Xiomara aliwapungia waende, na walipokuwa wamebakiza gari moja mbele yao, kengele ikalia. Daraja likaondoka pembeni. Kulikuwa na meli nyingine.

Fulgencio alizima injini. Nyuma yao mtu alifungulia redio, na wengine walianza kushuka kwenye magari, maana muziki ulikuwa mzuri na hapakuwa na pa kwenda.

"Itachukua muda gani?" aliuliza Otilia.

"Dakika sita," alisema Alcides.

Otilia alicheka mpaka ikabidi ampe Fulgencio keki aishike, kisha akamvuta mumewe nje kwa tai ambayo hakuwa nayo, yaani kwa kola, wakacheza barabarani mbele ya mstari wa njano, Alcides na soksi zake. Walicheza vibaya na kwa muda mrefu. Meli iliingia, malango yakafungwa, maji yakapanda, meli ikaondoka. Baadaye, walipokuwa njiani kuelekea Escobal, Fulgencio alimwuliza Alcides ile ya mwisho ilikuwa meli ya namna gani. Alcides alifikiri sana, na hakuweza kumwambia.